Nyaya Mbili Katika Pete Moja: Jinsi Watu Walivyoufukuza Mvumo Katika Vipaza Sauti

Ndugu msomaji, somo hili lilisomwa katika redio, na sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole darasani au nyumbani kwako. Neno likikushinda, lipige mstari kwa penseli, kisha uendelee mbele. Huenda sentensi ifuatayo ikakufunulia maana yake.

Leo twataka kusoma habari za sauti ambayo hakuna mtu aliyeitaka, nayo imewashughulisha mafundi kwa muda wa miaka mia. Sauti hiyo ni mvumo. Hapana shaka umekwisha kuusikia. Mtu akiwasha amplifaya, kabla hajasema neno, spika hulia "mmmm" kama mzinga wa nyuki. Pengine hailii "mmmm", bali hutoa mkwaruzo mwembamba, "zzzz". Sauti hizi mbili zafanana, lakini hazikuzaliwa na mama mmoja, na dawa ya moja siyo dawa ya nyingine. Watu wasiojua tofauti hiyo wamepoteza fedha zao, na wengine wamepoteza maisha.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1791, karibu na London, alizaliwa mtoto wa mhunzi, jina lake Michael Faraday. Wazazi wake walikuwa maskini, na shuleni hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na hesabu. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa bwana mmoja mwenye kazi ya kujalidi vitabu, ajifunze kazi hiyo kwa miaka 7. Sasa angalia kijana huyu alivyofanya. Vitabu vilivyoletwa dukani vitiwe majalada, yeye alivisoma. Katika kitabu kimoja alikuta habari za umeme, akazishika. Mwaka 1812 alikwenda kusikiliza mafundisho ya mtaalamu mkubwa, Humphry Davy, akayaandika yote kwa mkono wake, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata Davy akampa kazi.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma laini, upana wake kiasi cha inchi 6. Upande mmoja wa pete akazungusha waya mara nyingi. Upande wa pili akazungusha waya mwingine. Nyaya hizo hazikugusana, kwa kuwa alizitenga kwa nguo na uzi. Waya wa kwanza akaufunga kwenye betri, na waya wa pili akaupitisha juu ya sindano ya dira. Alipounganisha betri, sindano ilitikisika, kisha ikatulia, ingawa umeme wa betri ulikuwa bado unapita. Alipoiondoa betri, sindano ikatikisika tena.

Soma maneno hayo mara ya pili, maana ndiyo msingi wa somo letu. Umeme uliotulia haukuamsha kitu katika waya wa pili. Uliouamsha ni umeme unaobadilika, yaani unapoanza na unapokoma.

Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Albany nchini Marekani, alikuwako mwalimu wa hesabu aliyeitwa Joseph Henry. Naye pia hakutoka katika nyumba ya tajiri. Utotoni aliwekwa kwa fundi wa saa. Mwaka 1832 Henry aliandika kwamba waya mrefu, hasa ukizungushwa duara, hutoa cheche kubwa wakati wa kuukata umeme, na waya mfupi hautoi. Ni kama umeme uliokuwa ndani ya mizunguko ile hukataa kusimama. Kwa heshima yake, mkutano wa mataifa uliofanyika Chicago mwaka 1893 ulikubali kwamba nguvu hiyo ya waya uliozungushwa ipimwe kwa kipimo kiitwacho henri.

Fikiri habari za mkokoteni uliojaa mawe. Kuuanzisha ni taabu, na ukiisha kwenda, kuusimamisha ni taabu vilevile. Mtoto akiusukuma mara moja kwa nyuma, kisha mara moja kwa mbele, mwendo wake haubadiliki. Waya uliozungushwa juu ya chuma hufanya vivyo hivyo kwa umeme. Unaokwenda kwa utulivu hupita bila taabu, na unaotikisika hupingwa. Mafundi wakauita waya huo choki, neno la Kiingereza lenye maana ya kukaba koo. Kinachokabwa ni mitikisiko. Umeme uliotulia hupita.

Kabla ya kuendelea, andika maneno haya matatu katika daftari lako: waya, pete, choki.

Sasa twaingia katika habari za redio. Kituo cha Pittsburgh, Marekani, kilianza kutangaza mwaka 1920, na BBC ya London mwaka 1922. Redio za siku hizo zilikula betri, tena betri za namna mbili: moja ya kupasha moto valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio, na nyingine ya kupeleka umeme wa nguvu zaidi. Ile ya kwanza ilikuwa nzito, imejaa asidi, na kila mara ilibidi ichukuliwe dukani ikajazwe umeme. Ikimwagika, huunguza zulia. Lakini betri ilikuwa na sifa moja kubwa: haivumi. Umeme wake huenda njia moja, umetulia kama maji ya mtungi.

Watu wa mijini wakauliza: kwa nini tubebe asidi, ilhali nyaya za umeme zimekwisha kuingia nyumbani kwetu? Jibu ni kwamba umeme wa nyaya hizo ni wa kwenda na kurudi. Leo katika Uingereza na Afrika ya Mashariki hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde; Marekani mara 60. Redio hutaka umeme wa njia moja. John Ambrose Fleming alikuwa ametengeneza mwaka 1904 valvu iliyopitisha umeme upande mmoja tu, kama mlango wa zizi usiofunguka kwa nje. Lakini umeme uliopita katika mlango huo ulitoka kwa vishindo, na zikitumiwa valvu mbili kwa zamu, huwa ni vishindo 100 kwa sekunde. Vishindo hivyo vilipofika kwenye spika vilisema "mmmm".

Dawa ilikuwa vitu viwili vikifanya kazi pamoja. Cha kwanza ni kapasita, ambayo ni kama pipa: unalijaza kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, na bomba lililo chini latoa maji bila kukatika. Cha pili ni choki, ule mkokoteni wetu. Kapasita hujaza mabonde, choki hukataa vilima. Choki ya redio ilikuwa donge zito la chuma na waya mwembamba, mara nyingi kiasi cha henri 10, nayo ilikuwa ghali. Lakini ilinyamazisha.

Mtu mmoja anayestahili kukumbukwa hapa ni Edward Rogers wa Toronto, Kanada. Mwaka 1925, akiwa na miaka 25 tu, alianza kuuza redio isiyotumia betri kabisa. Miaka miwili baadaye akaanzisha kituo cha kutangaza, akakiita CFRB, na herufi mbili za mwisho, R na B, zilisimama badala ya maneno "Rogers bila betri". Huo ni utangazaji wa biashara wa kipekee! Alifariki mwaka 1939, hajafika miaka 40.

Mwaka huo huo wa 1925, Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, walionyesha spika ya namna tunayoitumia mpaka leo, yenye koili ndogo inayochezacheza mbele ya sumaku. Sumaku nzuri za kudumu zilikuwa hazijapatikana, kwa hiyo spika nyingi za miaka ya 1930 zilitumia sumaku ya umeme, yaani waya mwingi uliozungushwa juu ya chuma. Wahandisi wakatazama, wakaona: lakini hii ni choki! Wakaupitisha umeme wa redio nzima ndani ya spika, na koili ile ile ikawa sumaku na choki kwa wakati mmoja. Akili ya namna hii yapendeza sana. Ila ilimletea taabu fundi aliyekuja baadaye. Mtu akiiondoa spika ya zamani na kutia ya kisasa, redio hunyamaza kabisa, kwa kuwa ameiondoa njia ya umeme wenyewe.

Huku Afrika vijiji havikuwa na nyaya za umeme, kwa hiyo mvumo haukuwa shida ya kwanza. Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, bei yake pauni 5, na betri yake ikinunuliwa mbali. Haikuvuma hata kidogo. Taabu yake ilikuwa ni bei ya betri.

Ulaya nako wapenzi wa muziki walikuwa wakitafuta sauti safi. Mwaka 1947 Mwingereza aitwaye Williamson alichapisha katika gazeti la mafundi, Wireless World, ramani ya amplifaya ambayo watu wa nchi nyingi waliijenga kwa mikono yao. Ndani ya sehemu ya kuletea umeme mlikuwa na choki mbili. Hakuzionea uchungu bei zake, wala uzito wake.

Baada ya hapo choki ikaanza kutupwa. Transista, iliyozaliwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, ilichukua mahali pa valvu. Amplifaya za transista hutaka umeme mwingi wenye nguvu ndogo, na choki ya kubeba umeme mwingi hivyo ingekuwa kama jiwe la kusagia. Kapasita nazo zikawa kubwa na rahisi. Kwa miaka mingi fundi alitia kapasita kubwa mbili, akaisahau choki.

Kisha ukaja mtindo mwingine wa kuleta umeme, ulioenea tangu miaka ya 1970, na leo umo ndani ya chaja ya simu yako, televisheni, kompyuta na amplifaya nyingi. Zamani transfoma nzito ya chuma ndiyo iliyopunguza nguvu ya umeme. Katika mtindo mpya, umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa wa njia moja, kisha transista huukatakata vipande vipande, mara 50,000 kwa sekunde, mara 100,000, hata zaidi. Umeme uliokatwa haraka namna hiyo huhitaji transfoma ndogo sana. Kwa hiyo chaja yaingia mfukoni.

Lakini kila mkato ni kishindo, na kila kishindo ni kelele. Hapo ndipo "zzzz" ilipozaliwa. Utasema: sikio la mtu halisikii zaidi ya mitikisiko 20,000 kwa sekunde, kelele hiyo itasikikaje? Ni kweli. Ila kelele husafiri katika nyaya, huingia katika waya wa mikrofoni, na ndani ya amplifaya hugeuzwa ikawa sauti inayosikika. Redio ya masafa ya kati au mafupi huipokea moja kwa moja kama kwamba ni kituo cha kutangaza. Jaribu usiku. Washa redio ya masafa ya kati, ikaribie chaja ya bei rahisi iliyo ukutani, kisha uichomoe chaja. Mara nyingi utajua ni nani aliyekuwa akipiga kelele.

Na kelele hii ina tabia yake. Umeme wa kazi huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa wa pili. Sehemu kubwa ya kelele haifanyi hivyo. Huenda upande ule ule katika nyaya zote mbili kwa pamoja, kisha hurudi kwa njia ya ardhi, au kwa njia ya chuma cha sanduku, au hata hewani. Ukitia choki ya zamani katika kila waya, itakuwa kubwa kupita kiasi, maana itabidi ibebe umeme wote wa kazi bila chuma chake kushiba sumaku. Ufanyeje?

Turudi kwenye pete ya Faraday. Chukua pete moja, zungusha juu yake nyaya zote mbili, kila mmoja mizunguko sawasawa. Umeme wa kazi unapoingia kwa waya huu, unatoka kwa waya ule, na sumaku zake mbili zinavutana kinyume. Umewaona watu wanaovuta kamba, watano huku na watano kule, nguvu zao sawa? Kamba haiendi popote. Ndivyo ilivyo ndani ya pete: sumaku moja yaifuta nyingine, na umeme wa kazi wapita kana kwamba pete haipo. Lakini kelele yaja katika nyaya zote mbili kwa upande mmoja. Hapo watu wote kumi wanavuta upande ule ule. Sumaku zajumlishwa, na choki yaikaba kelele. Pete ndogo ya kiasi cha sarafu yaweza kufanya kazi hii.

Pete yenyewe si ya chuma cha kawaida, kwa kuwa chuma hupata joto na kuchoka umeme ukitikisika haraka hivyo. Hufanywa kwa feriti, kitu cheusi kigumu mfano wa chungu kilichochomwa, chenye kutu ya chuma ndani yake pamoja na madini mengine. Wajapani wawili, Kato na Takei, waliigundua mwaka 1930 mjini Tokyo, na mwaka 1935 ikaundwa kampuni ya kuitengeneza, ile ambayo leo huitwa TDK. Kutu, ndugu msomaji! Kitu ambacho kila mwenye jembe hukipangusa.

Lazima niseme neno kwa wanunuzi. Wako wauzaji wanaoisifu choki hii ya nyaya mbili kana kwamba huponya kila ugonjwa. Si kweli. Spika yako ikisema "mmmm" kwa sababu kapasita za ndani zimezeeka, pete haitakusaidia. Vile vishindo 100 huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kama umeme wa kazi, na pete huvipitisha. Hapo badili kapasita, au tia choki ya zamani. Pete ya nyaya mbili ni dawa ya "zzzz".

Na sasa sehemu iliyonifanya nitake somo hili lipigwe chapa. Kuna mvumo wa tatu, utokeao vyombo viwili vinapounganishwa, kwa mfano amplifaya na kompyuta, kila kimoja kikiwa na waya wake wa ardhini, ule ambao mafundi huuita athi. Nyaya hizo za athi pamoja na waya wa sauti hufanya duara, na duara hilo huvuma. Fundi asiye na subira huukata waya wa athi, na mvumo huisha pale pale. Wenye vyombo hufurahi, humlipa, naye huenda zake.

Waya ule ulikuwa umewekwa ili, umeme ukigusa sanduku la chuma, ukimbilie ardhini, fyuzi ikatike. Ukiisha kukatwa, njia iliyobaki ni mwili wa mtu. Mwezi wa Mei 1972, katika mji wa Swansea, nchi ya Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliishika mikrofoni huku gitaa likiwa mikononi mwake. Vyombo havikuwa vimeunganishwa na ardhi ipasavyo. Alikufa mbele ya watu waliokuja kumsikiliza. Alikuwa na miaka 27.

Tena kuikata athi huiharibu hata kazi ya pete. Karibu na pete huwekwa kapasita ndogo mbili zinazoisukuma kelele iliyokabwa iende ardhini. Athi ikikosekana, kelele haina pa kumwagwa, nayo hukaa juu ya sanduku la chuma. Ndiyo sababu ukiligusa sanduku la namna hiyo kwa mgongo wa kidole, wasikia kama sisimizi wanatembea. Chombo kikikufanyia hivyo, kizime, muite fundi mwenye ujuzi. Kwa mvumo wa duara, kwanza chomeka vyombo vyote mahali pamoja ukutani. Usipokoma, iko transfoma ndogo ya kutiwa katika waya wa sauti: nyaya mbili zisizogusana juu ya chuma kimoja, zikipitisha sauti na kulikata duara. Faraday angeitambua mara moja.

Serikali nazo hazikunyamaza. Mwaka 1934 wajumbe wa mataifa walikutana Paris wakaanzisha kamati ya kupima kelele za umeme zinazoharibu redio. Marekani ikatoa kanuni zake za kompyuta mwaka 1979, na katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 1996, chombo cha umeme kinachopiga kelele kupita kiasi hakiruhusiwi kuuzwa. Lakini kanuni haiingii ndani ya kila sanduku. Ukifungua chaja fulani za bei ya chini kabisa, utaona mahali palipochorwa kwa ajili ya pete, matundu manne yamekwisha kutobolewa, na badala ya pete vimetiwa vipande viwili vya waya. Mtengenezaji alijua pete yatakiwa. Ameziweka mfukoni senti zake, na kelele amempelekea jirani mwenye redio.

Kazi ya daftari: chora pete. Upande wa kushoto chora waya mmoja wenye mizunguko mitano, na upande wa kulia waya wa pili wenye mizunguko mitano. Kwa penseli nyeusi onyesha kwa mishale umeme wa kazi, uendao kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwa penseli nyekundu onyesha kelele. Kisha mweleze mwenzako aliye karibu nawe kwa nini pete yaupitisha mweusi na kuukaba mwekundu.